Mzazi Asipate Habari ya Msiba Kwenye Runinga

Usiku wa Jumapili, Februari 11, 2024, Toyota Premio iliacha barabara ya Eldoret kwenda Eldama Ravine karibu na Kaptagat, ikaingia mtaroni na kugonga mti. Ilikuwa yapata saa tano. Aliyekuwa kwenye usukani ni Kelvin Kiptum, kijana wa miaka 24 ambaye Oktoba iliyotangulia alikuwa amemaliza marathon ya Chicago kwa saa mbili na sekunde 35. Rekodi hiyo ya dunia ilikuwa imeidhinishwa rasmi siku tano tu kabla ya ajali. Kocha wake kutoka Rwanda, Gervais Hakizimana, alifariki pamoja naye. Abiria wa tatu, mwanamke, alinusurika.

Baba yake, Mzee Samson Cheruiyot, aliwaambia wanahabari kwamba alizipata habari za kifo cha mwanawe akiwa anatazama taarifa ya habari. Alipofika mahali pa ajali, polisi walikuwa wameshaupeleka mwili Eldoret. Kiptum alikuwa mtoto wake wa pekee.

Maneno hayo ya mzee yalipita haraka katika msururu wa rambirambi za viongozi, mipango ya mazishi na ahadi za serikali. Mimi yamenikaa. Huku kwetu Bonde la Ufa, iwe ni kwa Wakalenjin, Wakikuyu au majirani zao wa Naivasha na Gilgil, habari ya kifo ina njia yake ya kuingia nyumbani. Haibishi mlango peke yake. Huja na watu wawili au watatu, mmoja wao mtu mzima anayeheshimiwa. Huketi kwanza. Huulizia hali ya mwenye nyumba, huhakikisha kuna mtu wa karibu wa kumshika mama, watoto huitwa kando, kisha mzee huanza kusema polepole. Familia inapewa nafasi ya kulia kabla ya kijiji kujua. Runinga haina nafasi hiyo, na simu ndiyo haina kabisa.

Picha za gari lile lililopondeka zilisambaa mitandaoni kabla nchi haijaamka vizuri. Wengi waliozisambaza hawakuwa na nia mbaya. Waliweka alama ya mshumaa, wakaandika pumzika salama, wakatuma kwa kundi la darasa, la chama na la kanisa. Walikuwa wanaomboleza kwa namna waliyoizoea. Lakini kila mmoja wao alikuwa amejipa kazi ya mtangazaji bila kujiuliza kama wa nyumbani wameshaambiwa.

Nitasema mapema ninachoamini. Mwanahabari ana wajibu wa kuonyesha kilichomuua mwanamichezo. Kumwonyesha akifa ni jambo jingine, na sijaona bado sababu inayolihalalisha.

Suala hili linatuhusu sisi wa Kaunti ya Nakuru kuliko tunavyodhani, kwa sababu kila mwaka dunia nzima hututazama. Mbio za magari za Safari Rally ziliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, zilikuja kwetu. Kituo cha mafundi kiliwekwa katika chuo cha Shirika la Wanyamapori, KWS, mjini Naivasha, na magari yakakimbizwa Kedong, Loldia, Soysambu, Elmenteita na Hell's Gate. Tangu hapo barabara zetu za vumbi zinaingia sebuleni mwa watu wa Finland, Japani na Ufaransa, na mashabiki wanaofunga safari kutoka Nairobi na Eldoret hujipanga kando ya kamba simu zikiwa juu.

Mashindano ya dunia ya magari hurushwa moja kwa moja kila hatua, jambo lililoanza mwaka 2018. Ndani ya chumba cha matangazo mwongozaji huketi mbele ya ukuta wa skrini. Moja inaonyesha picha ya helikopta, nyingine ya droni, nyingine ya kamera iliyo ndani ya gari ikiwatazama dereva na mwelekezi wake usoni. Mwelekezi anasoma maelezo ya njia kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ghafla picha inatikisika, upeo wa macho unageuka juu chini, vumbi jeupe la feshfesh linajaza kioo. Mwongozaji ana sekunde mbili tatu za kuamua: abaki hapo, arudi kwa helikopta inayotazama kutoka mbali, au ahamie kwa gari linalofuata.

Mara nyingi wawili wale hufungua mikanda, wakatoka na kupunga mkono, na jioni yake mbiringiko ule hurudiwa mara nyingi. Ni sehemu ya mchezo huu na sioni ubaya wake. Shabiki aliyelala kwenye hema baridini pale Soysambu amekuja kuona magari yakipambana na ardhi. Tatizo ni kwamba ajali ikitokea, sekunde zile za kwanza hazimwambii mwongozaji kama ameona kisa cha kusimulia au msiba. Kwa hiyo uamuzi hauwezi kusubiri sekunde zile. Ni lazima uwe umefanywa kabla, mezani, watu wakiwa na akili zao.

Wapo waliokwisha kufanya hivyo. Agosti 31, 2019, kijana Mfaransa Anthoine Hubert alipouawa katika mbio za Formula 2 kwenye uwanja wa Spa, Ubelgiji, matangazo rasmi hayakurudia mgongano ule. Mtazamaji alijua kuna jambo zito kwa sababu ya ule ukimya wa picha: kamera zilikaa mbali, watangazaji wakapunguza maneno. Mwaka uliofuata, Novemba 29, 2020, gari la Romain Grosjean lilipasuka vipande viwili na kuwaka moto Bahrain. Akatoka mwenyewe motoni. Kwa kuwa alikuwa hai, ajali ilirudiwa mara nyingi huku mbio zikiwa zimesimamishwa, na dereva mwenzake Daniel Ricciardo akalalamika hadharani. Hoja yake ilikuwa ya kibinadamu: familia zao zote zinatazama, na madereva wenyewe walikuwa wanatakiwa kurudi ndani ya magari baada ya muda mfupi. Namwelewa. Ukiwa mke wa dereva, moto ule si wa Grosjean peke yake.

Na ipo mifano ya kinyume. Februari 12, 2010, saa chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi huko Vancouver, Nodar Kumaritashvili wa Georgia, kijana wa miaka 21, alirushwa nje ya njia ya barafu akiwa mazoezini na kugonga nguzo ya chuma. Video ilizunguka dunia siku hiyo hiyo. Waliotetea kuionyesha walisema umma ulistahili kujua kuwa njia ile ilikuwa na kasi ya kutisha na kwamba nguzo zile hazikuwa na kinga. Hilo lilikuwa kweli. Waandalizi waliinua ukuta pale na kusogeza chini mahali pa kuanzia. Lakini nguzo ile ingeweza kupigwa picha ikiwa imesimama peke yake, na kila mtu angeelewa. Mwili wa kijana ukiruka hewani haukuongeza ushahidi wowote ambao nguzo haikuwa imeutoa.

Siisemi hoja hii kwa wepesi, kwa maana upande wa pili una neno zito. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Mtu akiniambia kuwa kuficha picha za ajali ni njia ya kuwakinga waandalizi wazembe, wamiliki wa viwanja wasiojali na serikali isiyotengeneza barabara, siwezi kumwambia anyamaze tu na aheshimu wafu. Sisi wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret tumezika watu wengi mno kuridhika na ukimya. Januari 31, 2009, lori la mafuta liliwaka moto Sachangwan na kuua watu zaidi ya 100. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa. Tulihitaji kuonyeshwa. Tulihitaji kuambiwa mteremko ni upi, malori yanashindwa kufunga breki wapi, na kwa nini watu wanakufa palepale mwaka baada ya mwaka.

Ila tazama kilicholeta mabadiliko. Baada ya Migaa mabasi ya masafa marefu yalizuiwa kwa muda kusafiri usiku, na baadaye sehemu ile ya Salgaa na Sachangwan ikapanuliwa na pande zake mbili kutenganishwa kwa kizuizi. Kilichowasukuma wakubwa ni hesabu ya maiti, jina la mahali lililorudiwa mpaka kila Mkenya akalijua, picha za chuma kilichokunjamana, na wanahabari waliorudi eneo lile tena na tena wakiuliza swali lilelile. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji uso wa marehemu.

Vivyo hivyo kwa mchezo. Aprili 13, 2023, dereva wa Ireland, Craig Breen, aliuawa akifanya majaribio kabla ya mashindano ya Kroatia. Gari lake liliacha njia na kugonga nguzo ya ua. Mwelekezi wake hakuumia. Miezi miwili baadaye wenzake walikuwa Naivasha. Atakayesafiri kutoka Naivasha hadi Elmenteita ataona ua kila upande, kwa kuwa hii ni nchi ya ranchi na hifadhi: nguzo za mbao, nguzo za chuma, nyaya. Mwanahabari wa Nakuru aliyetaka kumheshimu Breen angeitembelea njia ya Soysambu wiki moja kabla ya mbio, akapiga picha nguzo zilizo karibu na kona, akauliza nani anazikagua na zitaondolewa lini. Hiyo ni habari inayoweza kumwokoa mtu, na haihitaji maiti ili ivutie.

Ndondi zinaniletea ugumu zaidi, nami sitaki kuurukia. Nakuru ni mji wa ndondi. Philip Waruinge, aliyepata medali Olimpiki ya 1968 na ya 1972, alilelewa kimchezo hapa, na vijana bado wanafunga glavu kwa kuota njia yake. Robert Wangila Napunyi, mshindi wa dhahabu ya Seoul 1988, hakuwa wa mji huu lakini kila bondia wa hapa humhesabu kuwa wake. Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, Wangila alipigana na David Gonzalez. Mwamuzi Joe Cortez alisimamisha pambano katika raundi ya tisa, na Wangila akalalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Alianguka akiwa chumba cha kubadilishia nguo, na Julai 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Sasa, video ya raundi ile ni nini? Iliporekodiwa ilikuwa mchezo halali, watu walilipa kuitazama, na kila ngumi ilikuwa ndani ya sheria. Siku mbili baadaye ikawa video ya mtu akipata jeraha la kumuua, ingawa hakuna kilichobadilika kwenye kanda. Katika ajali ya gari unaweza kutenganisha mchezo na mauti. Katika ndondi havitengani. Nimelipima hili na msimamo wangu ni huu: raundi ile ina nafasi mbele ya madaktari, waamuzi, makocha na vijana wanaofundishwa ni lini pambano lisimamishwe, kwa kuwa hapo mtu anajifunza kwamba bondia mwenyewe si shahidi wa kuaminika wa hali yake. Katika vipindi vya kumbukumbu, vya kujaza dakika Jumamosi mchana, haina nafasi. Kuna pambano la Seoul. Warushe hilo.

Sheria yetu haiko kimya kabisa. Katiba ya 2010 inalinda utu wa binadamu katika ibara ya 28 na faragha katika ibara ya 31, kisha inalinda uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari katika ibara ya 33 na 34. Maadili ya uanahabari yaliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yanawataka wanahabari kuwaendea waliofiwa kwa upole na kutowaongezea uchungu. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinatambua saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa muda ambao watoto wanaweza kuwa wanatazama, na mbio za magari hukimbizwa mchana. Mwaka 2024 Safari Rally ilifanyika wikendi ya Pasaka, watoto wakiwa nyumbani na runinga ikiwa wazi kutwa nzima. Kwa maandishi, basi, tumejitahidi. Lakini maandishi hayo yanamfunga mhariri mwenye leseni. Hayamfikii yule aliye kwenye kamba pale Hell's Gate na simu yake.

Hapo ndipo ninapotukumbusha jambo moja. Januari 2019, baada ya shambulio la kigaidi la DusitD2 jijini Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya watu waliouawa wakiwa bado kwenye meza za mkahawa. Wakenya waliwaka. Baraza la Vyombo vya Habari lilitaka picha iondolewe, na mitandaoni watu waliuliza kama gazeti hilo lingechapisha maiti za Wamarekani kwa namna ile. Tulikuwa na haki, na ninajivunia hasira ile. Lakini tulijua vizuri uchungu ule ulipotoka kwa mkono wa mgeni. Maadili yaleyale tuliyoyadai kwa gazeti la New York tunayavunja kwa kidole kimoja tukiwa ndani ya matatu kati ya Gilgil na mjini.

Tatizo halikomei kwetu. Mei 3, 2025, dereva wa mbio za magari wa Uganda, Rajiv Ruparelia, alifariki katika ajali ya barabarani nje kidogo ya Kampala, na picha za kamera za barabarani zikionyesha gari likigonga vizuizi na kuwaka moto zikavuka mpaka mara moja. Haikuwa mashindano, lakini ilisambazwa kama kipande cha mashindano. Video ya namna hiyo haianzii kwa umma. Kabla ya kuwa mikononi mwa watu huwa mikononi mwa mtu mwenye dhamana, anayelipwa kuitunza kwa ajili ya uchunguzi. Tukimlaumu kijana wa bodaboda aliyeituma kwa rafiki yake na kumwacha aliyeitoa kwenye mtambo, tunaanzia mwisho.

Kuna jambo lililotokea Copenhagen Juni 12, 2021, ambalo watazamaji wa kandanda hawajalisahau. Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani moyo ukiwa umesimama. Kamera hazikuondoka, zilionyesha akihudumiwa, zikamwonyesha mwenzake wa maisha akilia, na BBC ikaomba radhi baadaye kwa picha zilizorushwa. Waliofanya kilichopaswa kufanywa walikuwa wachezaji. Walimzunguka mwenzao, wakajifanya ukuta. Hakuna aliyewapa semina. Wachezaji wale waliona mtu wao yuko uchi mbele ya dunia nao wakamsitiri, huku waliokuwa kwenye vyumba vya matangazo, wenye vitabu vya maadili, wakiendelea kutazama.

Kusitiri ni jambo tunalolijua sana. Ajali ikitokea barabarani, mama muuza viazi pale Kikopey ndiye huwa wa kwanza kuvua leso na kumfunika aliyelala chini. Halazimishwi na sheria yoyote kufanya hivyo, wala hahitaji kumjua marehemu. Kinachonisikitisha ni kuona siku hizi leso ikifika pale wakati ambapo mduara wa simu umeshafunga njia.

Kabla mbio zijazo hazijafika Naivasha, kuna mambo ambayo waandalizi, shirika la utangazaji la KBC, polisi na hospitali za kaunti wanaweza kukubaliana kwa mkutano wa asubuhi moja. Ajali isirudiwe hewani mpaka waliomo wathibitishwe kuwa wako salama. Jina lisitajwe, wala namba ya gari isionyeshwe kwa karibu, mpaka mtu aliyeteuliwa aseme familia imepata habari, na mtu huyo awe amejulikana mapema, pamoja na namba za jamaa wa kila dereva na mwelekezi, wa Kenya na wa kigeni. Mtangazaji apewe maneno ya kusema wakati huo, kwa sababu mtu asiyejua la kusema huanza kubahatisha, na kubahatisha kwa mtangazaji ndiko huzaa uvumi kwenye simu elfu. Tangazo la kuwaomba mashabiki wasirushe video za majeruhi litolewe kwenye vipaza sauti kwa lugha wanazozungumza. Nao wasimamizi wa makundi ya WhatsApp, ambao huku kwetu ni watu wazima wenye heshima zao, walimu, wazee wa kanisa, wenyeviti wa vyama, wafute na waseme wazi kwa nini wamefuta.

Kanda zote, za kamera za ndani ya magari na za barabarani, ziende kwa wachunguzi, na ripoti yao itoke hadharani kwa maneno na michoro kamili, bila kuficha jina la aliyezembea. Familia ikitaka kuitazama kanda, ipewe. Wapo watakaotaka, kwa kuwa kuna mzazi asiyeweza kulala mpaka aone mwanawe alivyoondoka, na wapo watakaokataa kabisa. Uamuzi huo ni wa kwao, na hauwezi kuwa wao ikiwa video imeshawafikia kwa simu ya jirani.

Na kila Februari, vyumba vya habari vinapotafuta picha za kumkumbuka Kiptum, mhariri wa zamu atakuta mbele yake mafaili mawili. Lile la gari kwenye mti liwekewe kizuizi, lifunguliwe kwa idhini ya mhariri mkuu na kwa makala ya usalama wa barabara ya Ravine tu. La Chicago liko wazi, lina saa mbili na sekunde 35 za kuchagua.